Kabla ya Bando Kulikuwa na Holi

Leo sina vichekesho, na wale mnaoniuliza sehemu ya pili ya ile video ya kondakta mtangoja kidogo. Leo tunaongea majengo. Najua unajiuliza, majengo ya nini na rent ya mwezi haijalipwa? Kaa na mimi tu. Ukifika mwisho utaona haya maneno yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Ilianza hivi. Juzi jioni mtoto wa jirani, yuko Gredi ya 8, alikuja kubisha kwa keja yangu na kitabu mkononi. "Bro, naeza kaa kwako nisome? Kwetu kuna wageni." Kama umekulia Mukuru kwa Reuben unajua "kwetu kuna wageni" inamaanisha nini. Nyumba ni futi kumi kwa kumi, kuta za mabati, pazia katikati, na watu sita. Wageni wawili wakiingia, wewe unatoka. Nikamwambia aketi kwa kitanda, mimi nikavaa hedifoni nikaendelea kukata video yangu. Jirani wa upande wa pili alikuwa amefungulia redio, na nyuma ya nyumba mtu alikuwa anachomelea mageti. Baada ya dakika kama kumi dogo akafunga kitabu akaniuliza, "Kwani huku hakuna mahali watu huenda tu kusoma?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aendelee. Lakini hilo swali lilinikalia. Usiku huo nikaanza kutafuta: hizi nyumba za kusoma, za kukutana, za kujifunza kazi, zilianza aje? Nani alizijenga? Kwa nini wasee wa Kaloleni wana moja na sisi tunasomea kitandani? Nilichokipata ndicho hiki.

Waliotoka kazini jioni

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1800, jamaa anaitwa George Birkbeck alikuwa anafundisha sayansi Glasgow, Uskoti. Alihitaji vifaa vya kufundishia, kwa hivyo akawapa mafundi wa mtaani kazi ya kuvitengeneza. Wale mafundi wakawa hawaishi maswali. Hiki ni cha nini? Kinafanya kazi aje? Birkbeck akashtuka. Watu wenye akili ya kuunda mashine walikuwa hawaruhusiwi kujua mashine inafanya nini, kwa sababu hakuna shule iliyowataka. Akaanza kuwafundisha bure.

Miaka 23 baadaye, mwisho wa 1823, London kukawa na mkutano mkubwa wa kuanzisha chuo cha mafundi. Na sikia hii: mkutano wenyewe ulifanyika kwenye baa. Kikazaliwa London Mechanics' Institute. Masomo yalikuwa jioni, kwa sababu wanafunzi walikuwa kazini mchana. Mwaka 1830 wakaanza kupokea wanawake, wakati vyuo vikuu vikubwa vya Uingereza havikuwa hata vinawaza jambo hilo. Leo hicho chuo kinaitwa Birkbeck, ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London, na bado kinafundisha jioni.

Wazo hilo likasambaa Uingereza yote, halafu Australia, halafu Marekani. Jengo lenyewe lilikuwa na mtindo wake: ukumbi mmoja mkubwa wa mihadhara, chumba cha vitabu na magazeti, na chumba cha majaribio ya sayansi. Kila chumba kilikuwa na kazi yake. Ukumbini unasikiliza, kwenye vitabu unasoma peke yako, kwenye majaribio unashika kwa mikono.

Lakini usifikirie matajiri walikuwa wametoa pesa kwa upendo tu. Wenye viwanda walitaka mfanyakazi anayejua mashine na asiyelewa Jumatatu. Vyuo vingi vikapiga marufuku mazungumzo ya siasa na dini ndani ya jengo. Jifunze hesabu, jifunze mvuke, lakini usiulize kwa nini mshahara ni mdogo. Shikilia hilo jambo hapo, kwa sababu tutakutana nalo tena Nairobi.

Halafu waza kitu kimoja. Hao mafundi wa Glasgow na London ni sisi. Amka saa kumi na moja na nusu asubuhi usimame kando ya Enterprise Road. Utaona mto wa watu wanatoka Reuben, Njenga na Viwandani wakienda kwa miguu Industrial Area, wengine wana kazi, wengine wanaenda kusimama kwa geti wakingoja kuitwa kibarua. Wanajua kuendesha mashine za plastiki, za vitambaa, za mabati. Jioni wanarudi. Sasa niambie, jioni hiyo wanarudi kwa jengo gani ambalo si nyumba, si baa na si kanisa?

Pumwani: jengo la wafu na pombe ya walio hai

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na wakoloni hawakutaka Mwafrika akae mjini kabisa. Walimtaka afanye kazi, alale, arudi kijijini. Kwa hivyo mwanzoni hapakuwa na haja ya kumjengea mahali pa kukutana. Unamjengea aje mtu ukumbi na hutaki akae?

Mtaa wa kwanza rasmi wa Waafrika ulikuwa Pumwani, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Na hapo ndipo ukumbi wa kwanza wa maana ulijengwa, Pumwani Memorial Hall. "Memorial" ni kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani? Ya Waafrika waliokufa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu kwa maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza wakipigana na Wajerumani Tanganyika. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na hapo ndipo jina Kariokor lilitoka, na Kariakoo ya Dar es Salaam pia. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na magonjwa na njaa, si risasi.

Kwa hivyo waliorudi wakapewa holi. Na huduma za Waafrika zililipwa na nini? Hii itakukera. Manispaa ya Nairobi ilijipa haki ya kuuza pombe ya kienyeji kwenye kilabu chake pekee, ikawafukuza akina mama waliokuwa wakitengeneza na kuuza wenyewe, na faida ikaingia kwenye mfuko wa huduma za Waafrika. Kwa maneno mengine, mfanyakazi alikunywa, na kutoka kwa kile alichokunywa akajengewa huduma, akaambiwa aseme asante. Ukiskia mtu akisema ushuru wetu ndio unajenga, mwambie hiyo story ni ya zamani sana.

Lakini jengo likishasimama, halimtii aliyelijenga. Ukumbi wa Pumwani ukawa mahali pa dansi, pa ndondi, pa mikutano ya vyama vya watu wa nyumbani, na baadaye pa siasa. Watu waliokuwa wamekatazwa kukusanyika barabarani sasa walikuwa na mlango, viti na jukwaa. Na kumbuka barabarani kulikuwa hatari. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na wakapigwa risasi. Nyanjiru alikufa hapo. Kwa hivyo mtu akikuambia ukumbi ni kuta tu, mwambie kuta ni kinga pia.

Kaloleni, Aprili 1950

Baada ya Vita vya Pili wakoloni wakabadilisha mawazo kidogo. Viwanda vilikuwa vinakuja, na mfanyakazi anayekuja mwezi mmoja na kupotea hakuwa na faida. Sasa walitaka akae na familia. Ndiyo Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940. Ukiingia Kaloleni leo angalia ramani yake. Mtaa ulichorwa na holi ikiwa katikati, nyumba zikiizunguka, na nyasi na miti kati yake. Mchoraji alianza na swali, "Watu watakutana wapi?" halafu ndiyo akauliza watalala wapi.

Mtu mmoja aliyesukuma mambo haya ni Tom Askwith, Mzungu aliyekuwa afisa wa masuala ya Waafrika katika manispaa. Kabla ya hapo alikuwa mpiga makasia wa Olimpiki, 1932 na 1936. Watu kama yeye waliamini holi itawapa Waafrika michezo, masomo ya jioni, vilabu vya wanawake, na hivyo kupunguza hasira. Ni ile ile ya London. Njoo ujifunze, cheza mpira wa meza, lakini siasa acha mlangoni.

Siasa haikuachwa mlangoni. Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha KAU na kile cha Wahindi, East African Indian National Congress, walifanya mkutano wa pamoja hapo hapo Kaloleni Social Hall. Akasimama Makhan Singh, Singasinga aliyekuja Kenya kutoka Punjab akiwa kijana mwaka 1927, katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi. Wengine walikuwa wanaongea mambo ya kurekebisha hapa na pale. Yeye akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na sasa hivi. Si baada ya miaka 50. Wakati huo kusema hivyo hadharani kulikuwa kama kujiwekea pingu mwenyewe.

Na pingu zikaja. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai, rais wa muungano huo, wakakamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, mgomo ukaenda zaidi ya wiki. Makhan Singh akafungiwa maeneo ya kaskazini mpaka Oktoba 1961. Miaka 11. Wanasema yeye ni kati ya waliokaa kizuizini muda mrefu kuliko wote katika historia ya Kenya.

Sasa fikiria. Ile holi ilijengwa ili watu watulie. Ndani yake ndimo neno uhuru lilitamkwa kwa sauti kubwa namna hiyo. Baadaye Tom Mboya naye akawa anajaza watu kwenye kumbi za Eastlands, miaka ya 1950 wakati KAU ilikuwa imepigwa marufuku na baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954, ambapo makumi ya maelfu ya watu walikusanywa Nairobi na kupelekwa kambini. Ukumbi ukawa shule ya siasa. Watu walijifunza kuomba nafasi ya kuongea, kupinga hoja bila kupigana, kuandika kumbukumbu za mkutano, kupiga kura. Hakuna aliyepewa cheti.

Na hii si ya Nairobi pekee. Dar es Salaam kulikuwa na ukumbi wa Arnautoglu, uliotolewa na tajiri Mgiriki kwa ajili ya mambo ya jamii. Tarehe 17 Aprili 1953, ndani yake, mwalimu kijana anaitwa Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TAA. Mwaka mmoja baadaye TANU ikazaliwa kwenye nyumba ya chama New Street, na hiyo nyumba wanachama waliijenga kwa kujitolea wenyewe. Unaona tofauti? Ukumbi mmoja ulipewa, mwingine ulijengwa kwa jasho. Yote miwili ilitumika.

Mama zetu na cherehani

Wacha tusidanganyane, kwenye picha nyingi za kumbi hizo wanaume ndio wako mbele. Lakini mchana, wanaume wakiwa kazini, holi ilikuwa ya wanawake. Kuanzia 1952 kukawa na Maendeleo ya Wanawake, ikisukumwa na idara ya serikali ya maendeleo ya jamii. Viongozi wa kazi hiyo walifundishwa Jeanes School, Kabete, chuo kilichoanza 1925 kufundisha walimu waende vijijini kuonyesha watu usafi, kilimo na ufundi. Chuo hicho ndicho kikawa Kenya Institute of Administration mwaka 1961, na leo ni Kenya School of Government. Angalia hiyo safari. Jengo la kufundisha mwanakijiji likawa jengo la kufundisha anayemtawala mwanakijiji.

Kwenye vilabu hivyo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Serikali wakati wa Hali ya Hatari ilitaka kuwavuta wawe upande wake, hilo ni kweli. Lakini cherehani ni cherehani. Mtu akishajua kushona, hakuna serikali inaweza kurudi kumfundua. Nyanya yangu alijifunza kushona kwenye darasa la jioni la holi moja ya Eastlands, na sare za shule alizoshona ndizo zilimpeleka mamangu shule. Mimi ni mjukuu wa hiyo holi, kama unataka kujua kwa nini hii maneno inanichoma.

Vyuo vilivyopanda cheo

Sasa tuje kwa vyuo vya ufundi, na hapa nitaongea kwa uchungu kidogo.

Royal Technical College ilifungua milango 1956, Wahindi wa Afrika Mashariki wakiwa wamechangisha pesa nyingi kwa jina la Gandhi. Ndiyo sababu kuna sanamu yake pale. Kutoka jina lake unaona kilikuwa chuo cha ufundi. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1961 ikafunguliwa Kenya Polytechnic, ya mafundi. Mwaka 2013 ikawa Technical University of Kenya. Miaka ya 1970 watu wakachanga kwa harambee kujenga vyuo vya teknolojia. Wakulima wa kahawa Nyeri wakajenga Kimathi Institute, ambayo leo ni chuo kikuu. Wa Magharibi wakajenga WECO, ambayo leo ni Masinde Muliro. Unaona mtindo? Kila tukijenga nyumba ya fundi, baada ya muda inavaa joho na kumfungia fundi nje.

Sisemi vyuo vikuu ni vibaya. Nilikuwa ndani ya kimoja. Sitakitaja. Niliacha mwaka wa pili kwa sababu karo ilimshinda mathe, na nilikuwa nimechoka kujificha kwenye orodha ya wanaodaiwa. Kwa mwaka mzima sikuwaambia watu wa ploti kwamba nimetoka. Nilikuwa natoka asubuhi na begi kama mtu anaenda darasani. Kama hiyo ndiyo hali yako sasa hivi, nakuona, na hauko peke yako.

Lakini nikisoma kuhusu wale wa 1823 nikajiuliza, aibu ilitoka wapi? Wao hawakuwa "walioacha masomo". Walikuwa watu wa kazi wanaosoma jioni, na jengo lao lilijua hivyo. Lilifunguliwa saa walizokuwa huru. Kenya tulijaribu kitu cha karibu na hicho. Mwisho wa miaka ya 1960 baraza la makanisa lilianzisha politekniki za vijiji kwa watoto waliomaliza shule ya msingi bila pa kwenda. Useremala, uashi, ushonaji, vyote karibu na nyumbani na kwa pesa kidogo. Wazo lilikuwa poa sana. Shida ni kwamba tukaanza kuyaona hayo majengo kama ya walioshindwa. Jengo halijui kama umeshindwa. Sisi ndio tunaliambia.

Mimi kukata video sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na msee mmoja kwenye chumba cha mabati nyuma ya kanisa, Jumamosi mchana, kompyuta nne na watu 15. Hicho chumba ndicho kilikuwa chuo changu cha mafundi.

Simba wa mawe mlangoni

Kuna jengo lingine siwezi kuruka, maktaba. McMillan Memorial Library, pale mjini karibu na msikiti wa Jamia, ilifunguliwa 1931. Mjane wa tajiri mmoja Mzungu aliijenga kumkumbuka mumewe. Nguzo kubwa mbele, simba wa mawe mlangoni. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwafrika aliona simba tu, vitabu hakuviona. Ilifunguliwa kwa watu wote karibu na uhuru, ilipochukuliwa na baraza la jiji.

Ile maktaba ina watoto wawili Eastlands, tawi la Kaloleni na tawi la Makadara. Yalikaa yakichakaa miaka mingi. Halafu mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wakaanzisha Book Bunk ili kuyafufua yote matatu. Wakaanza na hayo mawili ya mtaani. Waliwauliza wakazi wanataka nini ndani, wakarekebisha, yakafunguliwa tena. Mimi nimeketi pale Makadara. Meza safi, mwanga mzuri, hakuna anayekuuliza unanunua nini. Nilikaa saa tatu na hakuna aliyenifukuza. Kama umekua mahali kila kiti kina bei, hiyo pekee ni elimu.

Kwa nini Reuben hakuna holi kama ya Kaloleni

Jibu la haraka ni serikali mbaya. Jibu la kweli liko kwa ardhi.

Kaloleni, karatasi ilianza, watu wakafuata. Mukuru, watu walianza, na karatasi ilikuwa ya mtu mwingine. Jina lenyewe mukuru ni bonde kwa Kikuyu, na watu walikaa hapa kando ya viwanda na Mto Ngong kwa sababu kazi ilikuwa karibu. Miaka ya 1980 na 1990 serikali ikagawa sehemu kubwa ya hii ardhi kwa watu binafsi kwa ajili ya viwanda vidogo. Wengi hawakujenga hata kimoja. Sisi ndio tukajenga, mabati juu ya mabati, kwenye karatasi inayosema hapa ni kiwanda. Sasa nani atachora holi kwenye ramani isiyokubali kwamba kuna watu? Na kila wakati tingatinga linaweza kuja. Novemba 2021 kule kwa Njenga tuliona maelfu wakibomolewa kwa siku chache tu.

Lakini mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru yote, Reuben, Njenga na Viwandani, kuwa eneo maalum la mipango. Zaidi ya kaya 100,000. Wakazi walihesabu, wakachora, wakabishana, kundi kwa kundi, na moja ya makundi ya kazi lilihusu elimu, vijana na utamaduni. Barabara zikaja, hospitali zikaja. Tulipata lami mahali tulikuwa tunaruka maji taka. Napongeza hiyo. Lakini kila mkutano tunaongea barabara, maji, choo, stima, na holi inabaki mwisho wa orodha kama kitu cha starehe.

Na si kwamba tumekaa mikono mifukoni. Reuben Centre ina shule, kliniki na hata redio, Ruben FM, ambayo ni kama holi ya masikio. Kule Lunga Lunga, Wajukuu Art Project walijenga kituo chao cha sanaa kwa mabati na mbao, wakafundisha watoto kuchora. Mwaka 2022 wakaalikwa documenta kule Kassel, Ujerumani, moja ya maonyesho makubwa ya sanaa duniani. Wakafunika mlango wa jumba la maonyesho kwa mabati yaliyochakaa, watu wa Ulaya wakawa wanaingia kupitia kwa kichochoro cha Mukuru. Na wakashinda tuzo ya Arnold Bode mwaka huo. Sasa mtu asiniambie mtaa hauwezi kujenga mahali pa kufikiria.

"Lakini tuko na simu"

Najua mwenye ataandika hapo chini, "Bro, holi ni za zamani, sasa tuko na Spaces." Na ni kweli. Juni 2024 holi yetu ilikuwa hewani. Tuliusoma Mswada wa Fedha pamoja, tukafafanuliana kwa Sheng, na tarehe 5 Julai Rais mwenyewe akaja Spaces kusikia maneno. Makhan Singh angefurahi.

Lakini nilikuwa na bando ya shilingi 20. Iliisha katikati ya mazungumzo. Mathe hana simu ya hivyo. Dogo wa jirani hana simu kabisa. Holi haiishi bando. Halafu kwa simu unakutana na wanaokubaliana na wewe, ukichoka unabonyeza unatoka. Kwenye holi jamaa anayekupinga ni jirani yako, kesho mtakutana kwa bomba la maji, kwa hivyo inabidi ujifunze kumpinga vizuri. Hiyo ndiyo shule ambayo Kaloleni ilikuwa nayo, na sisi tunaikosa.

Nikiangalia historia yote hii, naona mambo matatu. Kwanza, hakuna aliyewahi kujenga nyumba hizi bila sababu zake. Mkoloni alitaka utulivu, mwenye kiwanda alitaka mfanyakazi, mwanasiasa atataka jina lake ukutani. Wacha aandike jina. Mlango ukifunguka, jengo ni la wanaolitumia. Pili, jengo lisilokuwa na watu wa kuliendesha hufa. Holi ngapi mnazijua Eastlands zimefungwa kwa kufuli, au zimegeuzwa stoo, au hufunguka tu kukiwa na harusi? Kudai jengo bila kudai ufunguo ni bure. Tatu, saa za kufungua ni muhimu kuliko ukubwa. Chumba kimoja chenye meza, taa, na mlango unaofunguka saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku kinamfaa mtu wa Reuben kuliko jumba la ghorofa linalofungwa saa kumi na moja, wakati bado yuko kwa geti la kiwanda.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Kukiwa na mkutano wa kutoa maoni ya bajeti ya wadi, enda. Najua unafanyika siku ya kazi na kuna soda ya uongo, enda tu, au tuma mmoja wenu kwa ploti. Wakimaliza barabara na taa, inua mkono uulize: mahali pa kusoma na kukutana pako wapi, patafunguliwa saa ngapi, na ufunguo atakuwa nao nani? Hayo maswali matatu tu. Tukiuliza watu 50 kwa mikutano mitano, wataandika.

Dogo wa jirani bado anakuja. Nimempa saa, kuanzia saa moja mpaka saa tatu usiku, na siku hizo mimi nazima sauti. Wiki jana alikuja na wenzake wawili. Sasa tuko wanne kwa kumi kwa kumi, mmoja kitandani, wawili kwa mkeka, mimi kwa stuli. Holi ndogo kuliko zote Nairobi. Ufunguo niko nao mimi.